Giza la Laborantini

Laborantini wetu, mpima damu wa zahanati ya Alunguli, hugusa waya wa umeme kuhakikisha haujachomoka kabla ya kukusalimu. Enzi za vita alipima damu kwa kioo kilichodaka jua dirishani, na bunduki zikilia aliifunika darubini kwa tumbo lake. Tumbo hushonwa, alisema, lensi haishonwi. Sasa kaletewa darubini ya kisasa, yenye kiskrini ndani kinachoupanga mwanga kwa amri ya kompyuta. Huibonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayeonja pilipili ya mama mkwe.

Juzi jirani yangu Rachida alimleta mutoto wake, ambaye homa humwacha, ikamrudia, ikamwacha, ikamrudia. Laborantini akaweka tone la damu, akabonyeza. Picha ikawa nyeusi tii. Mzee mzima akang'oa waya, akailalia mashine kifudifudi.

"Courant ya umeme imekatika!"

"Docta, taa iko inawaka juu ya kichwa yako."

Akaitazama ile taa kama shemeji aliyemdanganya. Kumbe giza lenyewe lilikuwa la kazi: mwanga umepitishwa pembeni ili wadudu wang'ae peke yao. Akawasha upya, akakodoa macho, jasho likimtoka puani. Katika weusi ule, vijinyuzi vilivyosokotwa vikang'aa, vikijinyonganyonga.

"Njo hao wadudu, mama. Homa ya papasi. Dawa iko, tunamupiga sindano sasa hivi."

Rachida akamfunika mutoto kwa kitenge mpaka kichwani, akanong'ona: "Basi sema polepole, docta. Wakisikia watakimbia porini kama watu ya bunduki, halafu watarudi tena."