Mto Niliomshonea Mwalimu Kemilembe

Usiniambie niliota. Mtu haoti saa nane mchana akiwa amekanyaga cherehani. Na ndoto haimponzi mtu akatwe panga, maana mimi kule Muleba nilibakiza kidogo sana nikatwe, kisa kitambaa cha kudarizi. Nisikilize kwanza, kubisha utabisha baadaye.

Mimi ni fundi, nashonea barazani pale Bilele, Bukoba mjini. Jumatano moja akaja mama mtu mzima, gauni jeupe, kilemba cheupe, msafi kama anakwenda misa. Akasema anaitwa Mwalimu Kemilembe, mstaafu, kwao Kamachumu, huko Muleba. Akanikabidhi kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maua pembeni na katikati jina kwa uzi mwekundu: SAJENTI. Mishono imenyooka hiyo! Hata mimi fundi niliona wivu.

"Sajenti ndiye mzee wako, mama?"

"Ni mbwa wangu, mwanangu. Hiki ndicho alichokuwa akilalia."

Mbwa kulalia kitambaa cha kudarizi! Nilitaka kucheka, ila nikaona macho yake yamejaa machozi, kicheko nikakimeza.

"Amekufa," akasema. "Namwita, hageuki. Namshika kichwa, hashtuki. Nimeshinda naye kutwa nzima, hata mkia hakutikisa."

"Pole sana, waitu, mama yangu. Umeshamzika?"

"Nitasaidiwa na nani? Pale nyumbani hakuna hata mmoja anayenijibu."

Nikajisemea, haya, ndiyo yale yale ya watoto kuwasahau wazee wao. Nilimhurumia kweli. Alitaka kitambaa kile nikigeuze mto mdogo, apate pa kuegemeza kichwa. Jumamosi nilikuwa na harusi ya binamu yangu Muleba, kwa hiyo nikamwahidi kumpelekea mwenyewe. Nilipoinama kuchukua mkasi na kuinuka, alikuwa ameshaondoka.

Nikakata, nikashona, nikajaza sufi. Kilichonishangaza ni unyevu. Nilikipiga pasi kitambaa kile mara tatu na kila mara kilirudi kuwa kibichi, kinanuka udongo. Nikasema kimekaa sandukuni muda mrefu. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Jumamosi asubuhi, bodaboda akanishusha Kamachumu kwenye nyumba niliyoelekezwa. Mwanamume mmoja alikuwa anaanika kahawa. Nikamsalimu, nikamwambia nimemletea Mwalimu Kemilembe mzigo wake.

Akaacha kuanika. Kisha akanyoosha kidole kwenye kibanja. Katikati ya migomba palikuwa na kaburi jipya la saruji, mashada ya maua yamekwisha kunyauka, na mbwa mkubwa wa kahawia amelala kando yake. Mzima! Anahema!

"Mama tulimzika wiki tatu zilizopita," akasema. "Mimi ni mwanawe, Projestus. Wewe nani?"

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Badala ya kupanda pikipiki nikimbie, nikatoa mto kwenye mfuko kumwonyesha kwamba sisemi uongo.

Dada yake alikuwa ametoka jikoni. Akaliona lile jina jekundu, akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia.

"Maawe! Hicho tulimfunika mama kifuani! Mwenyewe aliagiza azikwe nacho!"

Kufumba na kufumbua majirani wamejaa, mapanga mkononi. "Kafukua kaburi! Mchawi!" Nikapiga magoti nikilia: jamani, angalieni kaburi, kama lina hata ufa niueni. Wakaenda, wakakagua. Saruji nzima. Nikashusha pumzi. Mzee mmoja akasema taratibu, "Wachawi hawana haja ya kupasua saruji." Panga likainuliwa. Nikafumba macho, nikaanza Salamu Maria.

Nikahisi mto unavutwa mkononi. Nikafumbua. Alikuwa Sajenti. Waliniambia baadaye kwamba tangu mazishi hakula wala kusogea pale. Akauchukua kwa meno, akaubeba mpaka kaburini, akaulalia. Halafu akainua kichwa, akatikisa mkia.

Niamini, hili hatukuliona wawili watatu, tuliliona wote. Manyoya ya kichwani mwa yule mbwa yalianza kulala na kuinuka, kulala na kuinuka, masikio yakirudi nyuma, vile vile mbwa anavyofanya anapopapaswa na mtu. Na hapakuwa na mkono! Hapakuwa na upepo, hakuna jani la mgomba lililotikisika. Projestus akaanguka chini, akaita, "Mama!" Aliyeinua panga akalitupa mwenyewe. Sajenti akashusha kichwa kwenye mto, akavuta pumzi moja ndefu, na hakuvuta nyingine.

Wakamzika hapo hapo na mto wake. Mimi wakaniachia, hakuna aliyeniaga, na harusini sikufika.

Cherehani naendelea nayo, mtu lazima ale. Kinachonitesa ni kingine. Yule mama alishinda kwake akiwaita watu, akaamini waliokufa ni wao. Hakujua! Sasa niambie, mimi nitajuaje? Siku hizi nikimsalimia mtu asiitikie, jasho linanitoka, naacha kazi, namfuata barabarani nikimwita kwa sauti mpaka ageuke. Watu wanasema nimechanganyikiwa, waache waseme. Ila wewe, siku ukipita Bilele ukasikia fundi anakusalimia, hata uwe na haraka ya namna gani, nakuomba, itikia.