Bernadine Hudock na Bahasha ya Njano

Kwa miaka thelathini na mmoja Bernadine Hudock alikagua kola za mashati. Kola ilipomfikia aliigeuza, akavuta ncha zote mbili, na kama mshono ulikuwa umepinda kwa upana wa unywele aliitupa kwenye kapu. Wenzake kiwandani hawakumpenda sana. Hata hivyo, wanaume wengi wa nchi hii walitembea na shingo zilizonyooka kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyemwandikia barua ya shukrani. Kisha kiwanda kikahamia mahali ambako watu hukubali kulipwa kidogo zaidi, na sisi wa Corrigan Patch tukabaki na mwanamke mwenye jicho la ukaguzi, asiye na kola ya kukagua.

Jicho hilo lilihangaika miaka kadhaa. Lilikagua mahubiri ya padri, lilikagua nyasi za majirani. Halafu jimbo letu la Pennsylvania likapitisha sheria kwamba mtu yeyote anaweza kupiga kura kwa posta bila kutoa udhuru. Kabla ya hapo ilibidi uwe mgonjwa au safarini, na watu wa hapa, ambao baba zao waliingia mgodini na homa zao, hawakuwa hodari wa kujitangaza wagonjwa. Karatasi za kwanza zilikuja na bahasha mbili, ndogo ya kuingia ndani ya kubwa, pamoja na maelezo yaliyoandikwa na mtu ambaye ni dhahiri hajawahi kumweleza mwenzake chochote. Bernadine aliyasoma mara tatu, kalamu mkononi. Mara ya tatu akasema, "Hii imeshonwa vibaya." Hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya pili, ambayo halipwi.

Darasa lake ni ukumbi ulio chini ya kanisa la Mtakatifu Kazimir. Kila Alhamisi wanawake wa parokia hukutana pale kutengeneza pierogi za kuuza Ijumaa, pamoja na wazee wachache wa kiume wanaoruhusiwa kumenya viazi na si zaidi. Unga unasukumwa mpaka uwe mwembamba, unakatwa miduara, ndani yake kinawekwa kiazi kilichopondwa na jibini, unakunjwa, unabanwa kingo, unatumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Bernadine alitazama kazi hiyo wiki moja, wiki ya pili akapanda juu ya kigoda.

"Nisikilizeni," alisema, akiinua donge la kiazi. "Hii ni kura yako. Umeshaijaza, na sitaki kujua umejazaje. Huu unga ni ile bahasha ndogo ya njano. Usiandike kitu juu yake, hata jina, hata msalaba, hata salamu kwa karani. Kura inaingia humu, unabana. Ndiyo siri yako hiyo. Na sufuria hii ni bahasha kubwa. Sahihi unatia kwa nje, na tarehe. Tarehe ya leo, Irene."

"Mbona unanitazama mimi?" akauliza Irene Dubchak, aliyekuwa akisukuma unga.

"Kwa sababu mwaka juzi uliandika ya kuzaliwa."

"Walisema tarehe. Mimi nina tarehe moja tu ninayoijua kwa moyo."

"Haya. Ukitumbukiza kiazi kwenye maji bila unga, unapata nini?"

"Supu," ukajibu ukumbi mzima.

"Na supu haihesabiwi."

Kwa wasioiamini posta, Bernadine alikuwa na njia nyingine. Barua ya hapa, hata kama inaenda mtaa wa pili, kwanza husafiri maili themanini kwenda kupangwa, kisha hurudi imechoka, na kura ikifika baada ya saa mbili usiku wa siku ya uchaguzi, muhuri wa posta hauiokoi. Basi anayetaka kumalizana mapema huenda mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti, anaomba karatasi dirishani, anaijaza hapo hapo, anairudisha na kuwahi chakula cha mchana nyumbani. Kila Jumatano ya Oktoba Bernadine alipeleka watu wanne wanne kwa gari lake. Masharti yalikuwa mawili. Hagusi bahasha ya mtu, kwa kuwa sheria hairuhusu. Husimama mikono nyuma kama askari wa jumba la makumbusho. Na ndani ya gari halitajwi jina la mgombea. Shemeji yake alitaja moja, akateremshwa karibu na makaburi, akatembea maili mbili. Mpaka leo hakuna anayejua Bernadine humpigia nani, na kila upande unaamini ni wake.

Mtu aliyemsumbua kuliko wote alikuwa jirani yake, Leon Yurkonis, mwenye umri wa miaka themanini na sita na vumbi la makaa kifuani. Tangu alipotimiza miaka ishirini na mmoja Leon hakuwahi kukosa uchaguzi. Rais, gavana, bodi ya shule, vyote. Mwaka mmoja palikuwa na mgombea mmoja tu, wa ukusanyaji kodi, akaenda hata hivyo, ili karatasi isiseme hakuna aliyejali. Lakini sasa alipumua kwa bomba la oksijeni, na mtungi wake wa magurudumu ulidumu saa mbili na nusu. Foleni ya mwaka wa kumchagua rais, pale kituo cha zimamoto tunakopigia kura, ilikuwa imewahi kudumu saa tatu.

"Piga kwa posta, mzee wangu," Bernadine alimwambia mwezi Agosti.

"Posta hiyo hiyo? Kadi za msiba wa mke wangu Eleanor zilifika watu wameshamaliza kulia."

"Mimi nakuhakikishia. Fuata ninavyosema na kura yako itahesabiwa. Isipohesabiwa nitakubeba mgongoni mpaka kwa wazima moto."

"Na huo mgongo wako?"

"Mgongo wangu uache."

Ilichukua wiki sita. Leon alihudhuria Alhamisi mbili, akamenya viazi, akajibu "supu" pamoja na wenzake. Katikati ya Oktoba alijaza karatasi, akatia sahihi na tarehe ya siku hiyo, akaiacha kwenye sanduku la barua ikachukuliwa na tarishi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya uchaguzi Bernadine alimpelekea dazeni ya pierogi. Mezani, chini ya kioo cha kukuzia maandishi, palikuwa na barua ya kaunti. Ilisema kura yake imefika. Ilisema pia kwamba mashine inayopima unene wa bahasha haikuona ile ya siri ndani, kwa hiyo kura haitahesabiwa.

"Leon, hii umeisoma?"

"Nimeisoma. Mashine imekosea. Niliweka kila kitu walichonipa."

"Kila kitu."

"Kila kitu kilichohitajika."

Jicho la Bernadine lilikuwa limeshafika dirishani. Nyuma ya pazia, imeegemezwa kwenye kioo ili ipate jua, ilisimama bahasha ya njano, imevimba kidogo, ikiwa na maandishi ya penseli: *Nyanya. Eleanor.*

Kila mtu hapa anazijua nyanya za Eleanor. Mbegu yake ilitoka Lithuania ndani ya pindo la sketi ya bibi yake, na kila vuli Eleanor alizikausha mbegu kwenye sahani, akaziweka kwenye bahasha. Sasa Eleanor alikuwa kaburini tangu majira ya kuchipua, na hii ilikuwa vuli ya kwanza Leon kuzikausha peke yake.

"Ilikuwa bahasha nzuri," Leon alisema hatimaye. "Nzito. Na haina jina la mtu. Nikaona ni dhambi kuipoteza kwa kuifungia ndani ya bahasha nyingine."

"Na yale ya unga? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwa namenya viazi, Bernie. Nilichosikia ni supu."

Zamani kola ya namna hiyo ingeruka moja kwa moja kwenye kapu. Bernadine alivuta kiti akakaa. Nyumbani kwake kuna droo iliyojaa mifuko ya mkate iliyooshwa na kukunjwa. Alikulia katika nyumba ambamo kamba ya kifurushi ilikuwa mali. Akiba haiozi, na watu hawa wameweka akiba ya kila kitu isipokuwa pumzi. Kwa miezi miwili alikuwa amewaeleza kazi ya unga, na hakuwahi kufikiri kwamba mkononi mwa mtu wa Corrigan Patch bahasha safi haiwezi kupita salama. Mshono uliopinda ulikuwa wake.

Alimpigia simu Bi Fetterolf, karani wa uchaguzi wa kaunti.

"Siwezi kuifungua nikamrudishia, Bernadine. Imeshaingia, imekaa."

"Najua. Niambie ya Jumanne."

"Jumanne aende kituoni kwake mwenyewe, aombe kura ya muda. Tunaiweka kando. Tukishahakikisha ile ya posta haikuhesabiwa, tunaihesabu hii. Atie sahihi sehemu zote mbili, asisahau moja. Na inakwenda ndani ya bahasha, halafu bahasha nyingine."

Bernadine akarudia: "Bahasha mbili."

"Mbili."

"Haya. Mungu atupe subira."

Leon hakutaka. Alisema ameshazeeka, rekodi imeshavunjika, na kwamba mtungi haujui siasa. Bernadine hakubishana naye. Jumamosi alikwenda kituo cha zimamoto akawahoji wanaosimamia uchaguzi pale miaka yote, na akajua foleni hupungua saa nane mchana, kati ya waliotoka kula na waliotoka zamu. Jumapili baada ya misa alizungumza na watu wengi kidogo kidogo, huku akionekana kuwasalimia tu. Jumatatu alikwenda kwa Leon na bahasha mbili za sadaka, akamfanyisha mazoezi mara tisa.

"Naonekana kama mtoto wa komunyo ya kwanza," Leon alisema.

"Mtoto wa komunyo angeshahitimu. Tena."

Jumanne saa nane kasorobo walifika na mtungi, kiti cha kukunja cha ukumbini, na Leon amevaa tai. Foleni ilikuwa imepungua, kwa maana ya kwamba ilianzia mlangoni ikaishia nyuma ya gari la pili la zimamoto. Bernadine alihesabu vichwa, akatazama mshale wa mtungi, akaona haviendani.

"Unaweza kuomba kupita mbele," alimwambia. "Ni haki ya mgonjwa."

"Sijawahi kuruka foleni maisha yangu. Sianzi leo mbele ya watu wanaonijua."

Basi alikaa kwenye kiti, wakasogea hatua moja. Mshale nao ukasogea. Bernadine alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Irene Dubchak, aliyekuwa mbele yao, aligeuka. "Ala, nimesahau miwani garini," akasema, akatoka, na aliporudi akaenda kusimama mwisho. Mwanamume aliyemfuata alijipapasa mifuko, naye miwani. Kisha shemeji yake Bernadine, yule wa makaburini, akakumbuka ya kwake. Kwa dakika ishirini watu kumi na saba wa Corrigan Patch, wa vyama vyote, walisahau miwani, akiwemo mmoja ambaye hajavaa miwani tangu azaliwe na mwingine aliyekuwa nayo usoni. Leon alisogezewa kiti hatua kwa hatua, akitazama mbele kwa heshima kubwa.

"Macho ya mji huu yameharibika," alisema.

"Ni vumbi," Bernadine akamjibu.

Mezani wasimamizi walimkuta Leon kwenye kitabu kama aliyeomba kura ya posta, akaeleza habari yake kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, akapewa karatasi ya kura ya muda. Bernadine alisimama hatua kumi nyuma, mikono mgongoni. Leon alijaza taratibu, bomba puani. Kisha wote tukamsikia.

"Unga," akasema, akaitia kura kwenye bahasha ndogo, akabana. "Sufuria." Akatia sahihi ya kwanza, akapumzika, akatia ya pili. Mshale ulikuwa umebakiza robo. Akapewa kipande cha karatasi chenye namba ya kuulizia, akakiweka kwenye mfuko wa shati, chini ya kola ambayo Bernadine alikuwa ameshainyoosha mara mbili.

Siku tisa Leon hakuuliza kitu, ila kila asubuhi alitoka barazani muda ule ule ambao Bernadine hutoa takataka. Siku ya kumi Bernadine alikwenda jikoni kwake, akapiga ile namba ya kuulizia, akamshikia simu sikioni. Leon alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena.

"Imehesabiwa," akasema.

"Nimesikia."

Wakakaa. Pierogi za juzi zilikuwa zikipashwa moto kwenye siagi.

"Basi ile ya njano," Leon akasema, "sasa ni yangu?"

"Ni yako, mzee wangu."

Kwenye darasa la Alhamisi sasa kuna sentensi mpya, ambayo Bernadine huisema akiwatazama wamenya viazi mmoja mmoja: unga si wa akiba, mwenye kutaka bahasha aje kwake, anazo. Wanachukua kwa wingi.

Mwezi Mei Leon alimletea miche kumi na miwili ya nyanya za Eleanor kwenye makopo ya kahawa. Bernadine aliipanga barazani, akaikagua mmoja baada ya mwingine, akamrudishia mmoja. Shina lilikuwa limepinda.