Ijumaa Meli Ilipozima Injini

Tangu meli kubwa za watalii zianze kufunga gati chini ya mtaa wao wa Mourepiane, huko Marseille, Ginette alikuwa na kazi moja iliyozidi zote: kujua lini afungue madirisha na lini afunge. Upepo wa mistrali ukivuma kutoka bara alifungua, maana moshi ulikwenda zake baharini. Upepo ukitoka baharini, au usipokuwepo kabisa, alifunga kila kitu, akasokomeza taulo bichi chini ya mlango wa roshani, na ole wake mumewe akithubutu kutoka. Miaka kumi na minne aliishi hivyo.

Mumewe, Toussaint Leandri, alikuwa fundi umeme wa meli katika bandari hiyohiyo, na mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Daktari aliwaambia bila kuficha: hamieni milimani kwa binti yenu, la sivyo mzee hatafika Krismasi. Toussaint akajibu kwamba yeye na ng'ombe hawajuani. Mtu mbishi yule! Basi Ginette akabaki kumlinda kwa madirisha.

Ndipo kampuni ya meli ilipogawa vipeperushi mtaani. Karatasi nene, ina picha ya pomboo. Ifikapo 2030, ilisema, hewa ya ukaa itakuwa imepungua kwa asilimia arobaini kwa kila kitanda cha abiria, na ifikapo 2050 haitatoka kabisa. Kwa kila kitanda! Yaani wakiongeza vitanda, moshi unaongezeka na lengo linatimia vilevile. Muuza samaki akikupimia hivyo utamrushia samaki wake usoni.

Ginette hayo hakuyajali. Macho yake yalikwama kwenye mstari mmoja: Ijumaa ya uzinduzi wa mpango huo, meli itazima injini zote na kutumia umeme wa nchi kavu kutwa nzima. Kwenye mkutano wa mtaa akamfuata msemaji wa kampuni, binti mmoja aitwaye Charpin.

"Mwanangu, niambie kweli. Siku hiyo naweza kumtoa mume wangu nje?"

"Mtoe tu, mama. Hakutakuwa na moshi hata wa sigara."

"Hata kama hakuna upepo?"

"Hata kama hakuna. Fungua nyumba nzima."

Ijumaa ikafika, na upepo hakuna. Saa nne asubuhi wakubwa wenye tai walipiga makofi gatini, waya mnene ukachomekwa ubavuni mwa meli, na bomba lake la moshi likanyamaza. Ginette hakuwa mjinga. Alisimama saa nzima akilikodolea macho. Lilipobaki safi, akafungua madirisha yote manne, akakisukuma kiti cha magurudumu cha mzee hadi roshani pamoja na mtungi wake wa oksijeni, akamwandalia chakula cha Ijumaa: samaki wa chumvi, karoti, mayai, na mchuzi mzito wa kitunguu saumu alioutwanga mwenyewe. Ilikuwa miezi saba mzee hajala nje.

"Saumu haitoshi," Toussaint akasema.

"Una pumzi ya kunisuta leo? Kula huko!"

"Nakula. Lakini mama yako alikuwa anatia zaidi."

"Na baba yako alikuwa anakula bila maneno."

Toussaint alicheka mpaka akakohoa, kisha akamaliza sahani yote. Ginette aliingia jikoni kuweka kahawa, moyo mweupe kabisa. Hapo ndipo aliposikia anaitwa.

"Gigi! Wanachomoa!"

"Wanachomoa nini?"

"Waya! Wapiga picha wameshaondoka. Watawasha injini sasa hivi, na zimepoa. Nitoe hapa, Gigi!"

Injini ya meli iliyopoa ikiwashwa hutapika. Hilo kila fundi wa bandarini analijua. Moshi mweusi ulipanda wima, ukakosa upepo wa kuusukuma, ukashukia nyumba. Gurudumu la kiti lilinasa kwenye kizingiti. Ginette alivuta, na mgongo wake wa miaka sabini na mbili, akavuta tena. Alipomfikisha ndani, ndani na nje hakukuwa na tofauti. Akakimbia kufunga dirisha la kwanza, akarudi kumtazama, akakimbilia la pili. Alipotaka kwenda la tatu, Toussaint alimshika mkono.

"Kaa," alisema.

Jumapili alifariki hospitalini.

Charpin alikuja msibani na maua, macho yamevimba. "Mama, wallahi sikujua. Niliambiwa kutwa nzima. Kumbe walipanga muda wa saa tatu tu."

"Na kwenye ripoti mmeandika nini?"

Binti aliinamisha kichwa. "Kwamba iliunganishwa. Ikiunganishwa hata dakika moja, safari nzima inahesabiwa haina moshi."

"Mimi ndiye niliyefungua," Ginette alisema. "Miaka kumi na minne sikukosea hata siku moja. Nikakuamini wewe."

"Si kosa lako, mama. Niambie nifanye nini. Chochote."

"Toussaint naye hatoi tena hewa ya ukaa," Ginette alisema. "Nenda kamhesabu kwenye lengo lenu."