Nguzo Tuliyoisimamisha Upya

Alasiri ile ya mafuriko, kwenye ukingo wa mto wa Namatala, pale Mbale, tulikuwa watu watano wa nyumba mbili jirani, na nitawataja wote. Kulikuwa na mume wangu, Afande Okello, mtu wa kabila la Lango, askari wa magereza aliyestaafu. Kulikuwa na binti yetu Atim, wa miaka tisa, tuliyempa jina hilo la mtoto aliyezaliwa ugenini kwa kuwa nilimzaa Mpumudde, kule Jinja, wakati baba yake akiwa bado kazini. Kulikuwa na jirani yetu Nakiru, mwanamke wa Karamoja, aliyekuwa akifagia na kupepeta mahindi yaliyomwagika kwenye mashine za kusaga, na mgongoni mwake mwanawe Achia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatembea. Wa tano ni mimi, niliyeishia darasa la pili. Watu huandika utoto wao. Wangu ulipita kwenye jembe, sina la kuusimulia. Nitaandika wa Atim, kwa sababu mimi ndiye niliyeuharibu.

Mwaka ule, katika ile miaka ya tisini, ukame ulikaa kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Namatala yote ilinuka vumbi la pumba na tope lililokaukia. Mto ulipungua ukawa uzi, uzi nao ukakatika, pakabaki njia ya mchanga mweupe ambayo mbuzi waliipita kama barabara. Atim alikuwa amezoea maji ya Jinja, yale yasiyokosekana asubuhi wala jioni, akaniuliza, “Mama, huyu mto amehamia wapi?” Katikati ya mchanga huo ilisimama nguzo ya mbao iliyopakwa chokaa, yenye namba nyeusi za futi na mstari mwekundu karibu na juu. Watu wa maji walimpa Afande kazi ya kuisoma asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Maji yakigusa mstari mwekundu, apige filimbi yake ya gereza, tuhame. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hivyo msomaji alikuwa Atim. Alisimama wima, akagonganisha visigino vyake vitupu, akapiga saluti. “Afande, mto iko ziro!” Baba yake akajibu, “Andika ziro. Huyu naye amestaafu kama mimi.” Wakacheka wote wawili. Kicheko kile cha mtoto bado nakisikia.

Chini ya nguzo mchanga ulibaki na unyevu, maana walioipanda walikuwa wamechagua mahali pa chini kabisa. Tulipokosa maji, wanawake tukachimba hapo. Sitamsingizia mtu: mimi ndiye niliyeanza. Tuliteka kikombe kwa kikombe, tukasubiri shimo lijae, tukateka tena. Shimo likapanuka, na asubuhi moja, Atim akiwa shuleni, nguzo ikalala chini. Afande akaogopa, kwa sababu alikuwa ameagizwa asiruhusu mtu kuigusa. Kulifukia shimo alishindwa, tungekunywa nini? Akakusanya mawe pembeni, akafanya rundo, akaniambia, “Mama Atim, shika hapa.” Nikaishika, akaigongomea juu ya rundo lile. Ilisimama imara kuliko mwanzo, ila ilikuwa imepanda, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole, kama futi moja na nusu. Nikamwambia, “Imepanda.” Akanijibu, “Pale ilisoma ziro, hapa inasoma ziro. Nani atajua?” Na kweli, ilisoma ziro wiki nyingi, nasi tukasahau. Nani huwaza mafuriko wakati anachimba mchanga kutafuta maji ya uji?

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Alasiri maji ya kahawia yakaanza kupita, watoto wakayashangilia. Nakiru akaja mbio, Achia mgongoni, gunia kichwani. “Afande, hama! Nyinyi naangalia juu ya kichwa yenu. Angalia kule!” Akaonyesha mlima unakotoka mto, nao ulikuwa mweusi kwa mawingu tangu kileleni hadi kiunoni. “Kwa sisi mvua hainyeshi, jua iko, halafu mto nakuja na miti. Hii maji ya sasa ni mtoto. Mama yake iko nyuma.”

Hamisi, muuza chapati wa jirani, akacheka kutoka kwenye jiko lake. “Jameni, Mkaramoja anatufundisha maji! Kwanza tuambie, mwisho ulioga lini?” Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Afande akamwita msomaji wake. Atim akapiga saluti. “Afande, mto iko mbili! Nyekundu iko tatu na nusu!” Mume wangu akanitazama. Nami nikayatazama mawe yale yaliyokwisha kufunikwa na maji, nikakaza kanga yangu. Akasema, “Hakuna hatari.” Nakiru akamtazama Atim kwa muda. “Sawa. Huyu amesoma. Mimi sijui namba.” Akamlaza Achia nyumbani kwake, kwenye kibanda cha chini kuliko vyote, akarudi mashineni kumalizia kupepeta.

Maji yalifika kabla jua halijazama, kwa sauti ya lori linalomwaga mawe. Filimbi ilipolia tulikuwa tumezama hadi mapajani. Achia alipatikana siku ya pili, kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Nakiru hakumlaumu mtu. Alimzika, akafunga gunia lake, akarudi kwao. Atim alizunguka akimshika kila mtu nguo: “Nilisoma vibaya?” Baba yake akasema, “Nyamaza, mwanangu.” Nami nikasema hivyo hivyo. Hakupiga saluti tena. Shuleni, ukimwekea namba mbele, alifunga daftari, mpaka akaacha shule.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikamficha mwanangu ukweli wake. Afande amekufa na siri yake. Sasa wanasema vipimo ni vya chuma, vimejengewa saruji, na habari za maji hufika kwenye simu. Atim ni mtu mzima, anakaa Buwenge, na hadi leo humwomba mwenzake amsomee saa. Mwaka jana alikuja kuniona. Nikamwambia, “Ulisoma sawasawa. Nguzo ndiyo iliyokuwa ya uongo.” Aliikoroga chai hadi ikapoa. Kisha akauliza, “Baba alipokuwa anagongomea, nani alishika?” Nikamwambia, “Mimi.” Akaosha vikombe, akavifunika, akaondoka. Hajarudi.

Kama mlikuwepo Namatala mwaka ule, nisahihisheni. Pengine Hamisi aliuza mandazi, si chapati. Pengine nyekundu ilikuwa nne. Kama Nakiru yu hai, niambieni aliko. Ila mkono ulioshika nguzo, huo msinisahihishe.