Mwaka Mashine Zilipopelekwa China

Jiwe la kwanza lilipita dirishani jioni, tukiwa bado tunamenya viazi. Lilipasua kioo cha mbele, likagonga kaunta na kutumbukia kwenye sinia la kuku. Mwenye mgahawa aliliokota, akaligeuzageuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni, kisha akalitupa kwenye pipa.

"Watoto tu hao," akasema.

Mkewe alikuwa amesimama kaunta, vipande vya kioo vimemjaa kwenye nywele. Alijua si watoto, na sisi wa jikoni tulijua pia.

Ulikuwa mwaka ule kiwanda kikubwa cha magari kusini mwa Birmingham kilipofungwa. Maelfu ya watu waliambiwa warudi nyumbani. Kabla hawajazoea kuamka bila pa kwenda, wakasikia kwamba Wachina wamenunua mabaki ya kiwanda, na kwamba mashine zitafunguliwa, zipakiwe kwenye makontena na kupelekwa China. Tangu habari hiyo itoke, kila Mchina mjini alikuwa mwizi.

Mimi nilikuwa nakaanga chipsi mtaa wa Kings Heath, humohumo Birmingham, kwenye mgahawa mdogo wa Kichina ambapo watu huagiza chakula na kuondoka nacho. Mwenye mgahawa na mkewe walitoka Hong Kong. Waliondoka huko kabla Waingereza hawajairudisha mikononi mwa China, kwa sababu mume alikuwa na hofu na serikali ya Beijing. Baba yake alikuwa amekimbia njaa ya China bara kwa kuogelea hadi Hong Kong, na ndugu yake aliyeogelea naye akazama. Hayo aliniambia huku akifagia vioo.

"Mimi niliikimbia China," alisema. "Leo napigwa mawe kwa ajili yake."

Jikoni tulikuwa wawili, mimi niliyetoka Mbeya na mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuja kama mkimbizi. Kiswahili chake na changu havikuelewana kila mara. Yeye alikuwa akisema "bantu banakuya," mimi nasema "watu wanakuja," tunacheka, kazi inaendelea.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo Mwingereza mmoja mpana wa mabega, aliyechomelea bodi za magari pale kiwandani tangu ujana wake. Kila Ijumaa alikuwa akifuata chipsi na mchuzi wa kari. Aliniita "bab", kama wazee wa mji huu wanavyomwita kila mwanamke, na alikuwa akiniuliza hali ya mama yangu kwetu. Kiwanda kilipofungwa aliendelea kuja, ila aliacha kunisalimia. Alikuwa akipokea chipsi zake huku akimkazia macho mwenye mgahawa, halafu anatoka.

Siku moja akaingia mhandisi kijana kutoka Shanghai, mmoja wa wale waliokuja kufungua mashine. Alifurahi kuona maandishi ya kwao ukutani, akaanza kuongea. Mwenye mgahawa akamtazama tu. Kichina cha huyu hakikuwa Kichina cha yule, ikabidi wazungumze Kiingereza, nacho wote wawili walikuwa wakikivunjavunja. Mama wa Uvira alicheka hadi akashika ukuta.

Kijana alipenda kujisifu. Alisema si muda mrefu kwao watatengeneza magari ya dunia nzima. Nikamwambia kwamba baba yangu alijenga reli ya kwenda Zambia pamoja na Wachina, watu waliovaa nguo za buluu zilizofanana, waliolala kwenye mahema na kula wali mkavu kama vibarua wao. Siku moja baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Msimamizi wa Kichina aliyekuwa mbele ya baba akapasuliwa na mwamba. Baba alivua shati, akakusanyia humo alichoweza kukikusanya, akakibeba mpaka kambini.

Kijana aliweka chini vijiti vyake vya kulia.

"Wakati ule tulikuwa maskini," alisema. "Tulitoa hicho kidogo tulichokuwa nacho."

"Na sasa?"

"Sasa tunanunua."

Baada ya hapo akawa anakuja mara kwa mara, anakula amesimama kando ya kaunta, anaongea na mimi kupitia kidirisha cha jikoni. Nadhani alikuwa mpweke.

Jumamosi moja mpira ulipoisha, yule mchomeleaji alivuka barabara kutoka baa ya ng'ambo akiwa na wenzake. Mlango uligonga ukuta. Kijana alikuwa amevaa koti la kazi, kofia ngumu ameibana kwapani.

"Ni wewe unayefungua mashine zangu?" mchomeleaji akamuuliza.

Kijana alijibu kwa adabu, labda hakuelewa swali lilikuwa la namna gani. "Ndiyo. Ni kazi yangu."

Ngumi ya kwanza ilimvunja taya. Nililisikia likivunjika, mlio mkavu kama kuni. Alianguka juu ya benchi, wakamvuta miguu wakamweka sakafuni, wakaanza kumpiga mateke. Mwenye mgahawa aliinua kibao cha kupitia kwenye kaunta, akaruka katikati yao mikono juu akisema, "Basi, basi, mteja wangu huyu!" Mmoja akampiga chupa ya bia pembeni mwa kichwa, sikioni. Akakaa chini polepole, damu ikimchuruzika shingoni. Mkewe alikuwa akipiga kelele kwa lugha yao bila kuvuta pumzi katikati.

"Dada, tuka humo!" mama wa Uvira alinipigia ukelele kutoka mlango wa nyuma, simu iko sikioni, anaita polisi. "Banaua muntu!"

Sikutoka. Mchomeleaji alikuwa amemkalia kijana kifuani na kumshika koo kwa mikono miwili, na uso wa kijana ulikuwa umebadilika rangi. Nilichomoa chujio la waya kutoka kwenye mafuta yanayochemka, limejaa chipsi, nikapita kaunta, nikambandika nalo mkononi. Nililishikilia pale. Ngozi ilitoa mlio. Alinguruma, akaachia koo, akanitazama kama mtu aliyeng'atwa na paka wake mwenyewe. Kisha akanipiga kwa mkono mzima, nikaangukia mlango wa friji na meno mawili yakanitoka.

Polisi waliwakuta bado mle ndani. Wenzake walikimbilia mlangoni wakateleza kwenye mafuta na damu, mchomeleaji mwenyewe alibaki amekaa chini, analia kwa maumivu.

Mahakamani wakili wake aliniuliza kwa nini nilimchoma mteja wake. Nilisema, "Angemuua." Aliuliza tena kwa namna nyingine, nikajibu vilevile. Mchomeleaji alifungwa gereza la Winson Green. Mwenye mgahawa hakusikia tena kwa sikio lile. Kijana alirudi Shanghai, taya limefungwa kwa waya, na malori ya makontena yakaendelea kutoka kiwandani kana kwamba hakuna mtu aliyepigwa. Mgahawa uliuzwa. Mimi nikapata kazi ya usafi hospitalini, kwa sababu harufu ya mafuta ya moto ilikuwa ikinitapisha.

Kiwanda kilifunguliwa tena baadaye, sehemu ndogo tu, chini ya Wachina walewale. Nilikuwa napita madukani Kings Heath, mwanamke mmoja akanishika mkono. Alikuwa mke wa mchomeleaji, nilimwona mahakamani; mumewe alikuwa ameshatoka gerezani. Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufunga.

"Wamemwajiri mwanangu," aliniambia bila salamu.

"Akina nani?"

"Wachina. Anafunga magurudumu."

Sikujua nimpe hongera au pole. Nikamuuliza baba wa huyo mtoto alisemaje.

"Tumemwambia juzi. Amevunja kila kitu jikoni. Amempiga mtoto, nilipoingilia akanipiga na mimi." Aligusa jicho lake kidogo kwa kidole. "Lakini leo asubuhi mtoto kaenda kazini. Nimemtolea baiskeli mwenyewe kwa mlango wa nyuma."