Peugeot ya Juu ya Mushaki

Jumapili baada ya misa, Ernestine, mshonaji wa mtaa wa Ndosho mjini Goma, alipanda nyuma ya pikipiki ya mumewe, Julien, wakaenda kutafuta magari ya zamani. Ilikuwa furaha yake toka utoto kule Butembo: kuona taa za gari kuukuu kati ya majani na kujua jina lake. Aliyachora kwa kalamu ya risasi katika daftari lake la vipimo vya nguo. Lori lililoota migomba. Land Rover bila magurudumu, mbuzi amelala juu.

Siku hiyo, vilimani juu ya Mushaki, ukungu ulifunguka kidogo, na Ernestine akampiga Julien begani.

"Simama! Ile ni Peugeot mia nne na ine!"

Ilikuwa buluu, katika ua wa nyumba ya mbao, maharage yamepanda hadi kwenye milango. Mama mzee alitoka akiwa na jembe.

"Munatafuta nani?"

"Hatutafute mutu, mama. Tumeona motokari."

"Haiuzishwe. Hata vipande."

"Hapana, mama. Tunaangalia tu."

Mzee huyo, mama Apolline, alimtazama Ernestine, kisha akaweka jembe chini. Gari lilikuwa la marehemu mume wake, Laurent. Wengi walikuja kutaka mabati yake. Wa kuja kulitazama tu hakuwahi kumwona.

"Ingia," alisema. "Kaa kwa usukani."

Ernestine hakuwa amewahi kuendesha kitu chochote isipokuwa cherehani. Aliketi. Julien akabanana nyuma na kuku aliyekuwa akitaga. Mama Apolline alizunguka polepole, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Tangu Laurent afariki sijaingia mule," alisema, akaingia.

Ukungu ukafunika vioo, ua ukapotea, nyumba ikapotea.

"Geuza kushoto," alinong'ona mama Apolline, kana kwamba wako njiani kwenda Goma. "Hapa kuna matope."

Ernestine akageuza. Usukani ukalia, lakini ukakubali.

"Ngombe hao! Piga honi."

Honi ilikuwa imekufa zamani. Julien akapuliza kwa mdomo, "Pooo!" Kuku akaruka nje, na mzee akacheka mpaka akashika kifua.

Wakateremka hivyo, kona baada ya kona, wakapita mji wa Sake, kando ya ziwa. Ernestine aliapa baadaye kwamba alisikia hewa ya ziwa usoni.

"Tumefika Goma," alisema mama Apolline. Aliweka mkono juu ya mlango, machozi yakimtoka bila kelele. Kisha akajipangusa kwa kitenge.

Aliwafungia jibini katika jani la mgomba, akawasindikiza hadi barabarani.

"Laurent aliniahidi Bunagana, kule mpakani, hakunifikisha," alisema. "Jumapili ijayo mukuye mapema. Ni mbali."