Mhandisi wa Hotuba za Matanga

Erastus Lumbasi alisomea madaraja, serikali ikamtumia kuandika hotuba za matanga. Mimi, Dorothy, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi yake ya ujenzi mjini Kakamega, kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Mambo yalianza mwaka wa tisini na mbili. Mkubwa wetu, Bwana Phanuel, alialikwa kumzika mzee mmoja maarufu na hakuwa na la kusema. Erastus akamwandikia kurasa mbili. Watu walilia mpaka Bwana Phanuel mwenyewe akatoa kitambaa. Tangu hapo michoro ya Erastus ilifungiwa kabatini, na kila Ijumaa akawa anaandika maneno ya Jumamosi, maana huku kwetu Jumamosi haipiti bila maziko, na maziko hayapiti bila mkubwa kushika kipaza sauti. Bwana Phanuel hakuisoma hotuba mapema hata siku moja. Aliifungua pale pale mbele ya jeneza, akaisoma kama kitu kinachomtoka moyoni. Kipaji hicho alikuwa nacho, tusimnyime.

Na Erastus alilipwa, msidhani alipunjwa. Alipandishwa cheo mara mbili, akapata marupurupu ya safari ambazo hakuwahi kwenda, akapewa nyumba ya serikali ya vyumba vitatu upande wa Lurambi. Viwili vilikuwa vitupu. Mkewe, Priscah, alikuwa mwalimu Nakuru, na likizo alizokuja zilizidi kuwa fupi mpaka zikaisha kabisa. Wahandisi wenzake walimhama mezani wakati wa chai, wakidhani anampelekea mkubwa maneno. Nilibaki mimi, na mimi nilifuata mkate wake. Alikuwa mpweke kiasi kwamba hata hilo alilijua na bado akanunua mkate.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, alitembea peke yake akichungulia chini ya madaraja. Alikuwa na nyundo ndogo. Aligonga mbao, akasikiliza. Wanakijiji walidhani anatafuta mali iliyofukiwa na Wazungu.

Mwaka wa tisini na sita aligonga daraja jipya la miguu karibu na Iguhu. Shemeji yake Bwana Phanuel, aliyepewa zabuni, alikuwa ameweka mbao laini mahali pa mbao ngumu, nazo zimeanza kuoza. Erastus aliandika ripoti, nikaipiga chapa mimi mwenyewe. Bwana Phanuel aliitia kwenye droo, akamwambia kwa upole kuwa nyumba ya vyumba vitatu inatamaniwa na wengi. Erastus akanyamaza. Nami nikanyamaza, tena bila hata kupewa nyumba.

Miezi saba baadaye daraja lilivunjika likaenda na Isaiah, kijana aliyekuwa akivuka na baiskeli yake, mtoto wa pekee wa mjane aitwaye Zilpah. Ijumaa iliyofuata Erastus akaitwa kuandika, kama kawaida.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri kama zote. Katika wa pili aliandika kila kitu: mbao, shemeji, droo, na mhandisi aliyejua akanyamaza. Alitaka ukweli utoke kwenye mdomo ambao watu huusikiliza, ili Nairobi washtuke na madaraja mengine yakaguliwe kabla hayajaua. Nilimwambia atafukuzwa. Akasema afadhali afukuzwe, pengine atapata usingizi. Nikaupiga chapa.

Siku ya maziko tulikaa kwenye viti vya wageni, bega kwa bega. Bwana Phanuel alifika ukurasa wa pili, sauti ikakwama mara moja tu. Halafu akaruka mistari ya shemeji na droo, kama mtu anayeruka dimbwi la maji, akatua upande wa pili. Alisoma kwamba daraja lilikuwa limeoza, kwamba mhandisi wa ofisi aliliona na hakusema neno, na kwamba yeye, kama mkubwa, anaomba msamaha kwa niaba yake. Watu walisimama. Hawakuwa wamewahi kumsikia mkubwa wa serikali akiomba msamaha. Wengine walipiga makofi, kule kule makaburini, na akina mama wakaanzisha wimbo. Erastus alibaki ameketi.

Baada ya maziko tukapewa chakula. Zilpah alikuwa akipita taratibu, akiwashukuru wageni mmoja mmoja. Alipotufikia alisimama.

"Mko wa ofisi ya ule mkubwa," alisema. "Yule injinia aliyejua, mnamjuanga?"

Nilitazama sahani yangu. Ningeweza kutaja ripoti, maana niliipiga kwa vidole hivi.

"Ni mimi, mama," Erastus akasema.

Zilpah alimsogelea. Hakupandisha sauti.

"Na hiyo miezi yote, mshahara ulikuwa unalipwanga?"

"Ndiyo, mama."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Aliinama, akaichukua sahani magotini pa Erastus, obusuma na ingokho, ugali na kuku wa wageni, vikiwa havijaguswa, akampelekea mmoja wa waliochimba kaburi. Kisha akarudi, akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja. Nami nikaendelea kula.